Je, Wajua? Afande Naye Ana Mipaka

Je, wajua kwamba "ingia gari, utajua mbele" si jibu la kisheria? Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamtaka afisa anayekukamata akueleze sababu mara moja, tena kwa lugha unayoielewa. Ukiwa unaelewa Kipokomo peke yake, kazi ya kumtafuta mkalimani ni ya polisi, si yako.

Je, wajua una haki ya kunyamaza, na kwamba afisa mwenyewe ndiye anayepaswa kukueleza hivyo? Wengi wetu tuliisikia haki hii kwanza kwenye filamu za Marekani tukadhani ni ya huko, ilhali imo katika Katiba yetu. Kifungu hichohicho kinakuruhusu kuwasiliana na wakili, na pia na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unauhitaji. Si lazima mtu huyo awe msomi. Shangazi asiyeogopa kupaza sauti kwenye kaunta ya kituo amewahi kuwatoa wengi kabla wakili hajafunga tai.

Je, wajua saa 24 zinavyohesabiwa? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ni lazima ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa. Muda huanza kuhesabiwa pale ulipokamatwa, si pale jina lako lilipoandikwa kituoni baada ya kuzungushwa mjini usiku kucha. Lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku ambayo mahakama haiketi, polisi hupewa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo siri ya ile kamatakamata ya Ijumaa iliyovuma miaka kadhaa iliyopita, vigogo walipokuwa wakichukuliwa Ijumaa na kuonja seli hadi Jumatatu. Herufi ya sheria haikuvunjwa. Roho yake ndiyo iliyopata taabu. Na ilipokuwa ikiwapata vigogo watu walishangilia, wakasahau kwamba muuza mitumba hukamatwa Ijumaa vilevile, na hana kamera za runinga zinazomngoja nje.

Je, wajua kwamba kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inakataza uwekwe rumande?

Je, wajua dhamana ya polisi haiuzwi? Bondi ni ahadi ya maandishi kwamba utafika mahakamani au kituoni siku uliyopangiwa, nawe huilipii hata shilingi. Dhamana ya pesa taslimu ni jambo jingine: pesa hizo ni amana, unapewa risiti rasmi, na ukitimiza masharti unarudishiwa. Pesa inayopokelewa bila risiti si dhamana, na kila anayeipokea analijua hilo. Sheria ya Hongo ya 2016 humwadhibu mtoaji na mpokeaji pia, na kwa maoni yangu hapo ndipo malalamishi mengi hufia: raia aliyetoa "kitu kidogo" saa nane usiku ili akalale kwake huogopa kusema asubuhi, kwa kuwa naye ameshajitia kitanzini. Afadhali kupiga simu kabla ya kutoa. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, hupokea simu bila malipo kwa nambari 1551.

Je, wajua kwamba simu ya "fika kituoni kesho saa tatu" inapaswa kuwa barua? Kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu afisa kumwita mtu anayeaminika kuwa na habari za kusaidia uchunguzi, ila wito huo uwe wa maandishi, na kituo kiwe katika kaunti anamoishi au aliko wakati huo. Ukishafika, hulazimiki kujibu swali ambalo jibu lake linaweza kukutia wewe mwenyewe hatiani. Sisemi mtu agome kila anapopigiwa simu. Nasema anaweza kuomba barua kwa adabu, na barua ikija ina jina la afisa, tarehe na sahihi. Muda wote tutakaokuwa pamoja hapa nitarudi kwenye karatasi na wino, kwa sababu raia hana bunduki wala pingu. Alicho nacho ni maandishi.

Je, wajua kibali cha upekuzi hutumika mchana? Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inataka kitekelezwe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iliyokitoa iruhusu saa nyingine. Kuna nyakati polisi huweza kuingia bila kibali, kwa mfano wanapoamini kwa sababu za msingi kwamba ushahidi utatoweka wakienda kukitafuta. Hata hapo afisa anapaswa kuandika sababu zake, na kuonyesha kitambulisho chake cha kazi akiombwa.

Wajua mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake tu, tena kwa staha? Hilo limo katika sheria za jinai tangu enzi za ukoloni, na bado kuna vizuizi vya barabarani ambako halijafika.

Je, wajua kwamba mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai? Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo iliyoupandisha umri huo, ambao zamani ulikuwa miaka 8. Na mtoto yeyote anayezuiliwa hawekwi seli moja na watu wazima.

Je, wajua maandamano hayaombewi ruhusa? Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Sheria ya Utengamano wa Umma inataka ilani tu, ipelekwe kwa mkuu wa kituo siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Mtu anayesema "hawakupewa kibali" anazungumzia kitu ambacho hakimo sheriani.

Je, wajua polisi anaruhusiwa kufyatua risasi lini? Jawabu limo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi, na natamani kila kituo kingelibandika ukutani kando ya picha ya Rais. Kwanza hutumika njia zisizo za nguvu. Nguvu zikihitajika, ziwe za kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Bunduki msingi wake ni kuokoa maisha, ya afisa au ya mtu mwingine, pale hatari ya kifo au jeraha baya inapokuwa mlangoni. Kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe kuwa ni polisi na atoe onyo la wazi, kisha aache muda wa onyo hilo kusikika, labda tu iwe kusubiri huko kungehatarisha maisha. Akimjeruhi mtu, anapaswa kumpatia huduma ya kwanza na kuhakikisha jamaa zake wanaarifiwa. Hapo kwenye huduma ya kwanza husimama nikasoma tena kila mara, nikiwakumbuka waliobebwa na wenzao kwa mikokoteni na bodaboda.

Jedwali hilohilo linasema afisa aliyevaa sare avae jina lake au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana. Agosti 2024, baada ya wiki za maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Mahakama Kuu iliamuru maafisa wanaotumwa kwenye maandamano wavae sare, waonekane nyuso na wawe na utambulisho. Kumbuka nambari hata kama hulioni jina. Malalamishi yenye nambari ya afisa na nambari ya gari huwa na pa kuanzia.

Je, wajua "nilitumwa na mkubwa" haimwokoi afisa? Sheria inasema wazi kwamba amri ya mkuu si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Wala mkuu mwenyewe hayuko salama nyuma ya meza yake. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi 6 alipigwa akiwa kwao Kisumu wakati polisi walipoingia mitaani usiku, akafa. Uchunguzi wa wazi ulifanywa mbele ya hakimu, naye Februari 2019 akawataja makamanda miongoni mwa wanaopaswa kubeba lawama. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa kuitumia Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, ambayo ilikuwa imekaa kabatini miaka yote hiyo bila kumgusa polisi yeyote.

Je, wajua kukiri kosa mbele ya koplo hakutoshi? Chini ya Sheria ya Ushahidi, ungamo hukubalika mahakamani likiwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye chini ya cheo cha inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena pawepo mtu uliyemchagua wewe. Na yeyote anayetesa ili apate ungamo anajiita mwenyewe kizimbani: Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inatoa kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha aliyeteswa akifariki.

Sasa tuingie kwenye kulalamika.

Je, wajua IPOA ilizaliwa na vifo vya 2008? Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilikuta kwamba 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Tume ikapendekeza kiundwe chombo huru cha kuwachunguza polisi, kwa kuwa hadi wakati huo ukidhulumiwa na polisi ulikwenda kumwambia polisi. Sheria ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ndiyo IPOA, ilipitishwa 2011, na bodi ya kwanza ikaanza kazi 2012.

Nambari yake ya simu, isiyolipiwa, ni 1559. Kulalamika ni bure. Unaweza kueleza kwa mdomo na maofisa wake wakaandika, unaweza kupeleka barua, na si lazima uwe wewe uliyedhulumiwa. Jirani au ndugu anaweza. Ukitaka jina lako lifichwe, sema hivyo tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba mtu akifa au akijeruhiwa vibaya kwa mikono ya polisi, polisi wenyewe wana wajibu wa kuiarifu IPOA mara moja? Hawangoji familia ije kulia getini. Na kila kifo ndani ya seli kinapaswa kuchunguzwa na hakimu. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mitandaoni alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na usiku huo akafariki. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, na IPOA ikawaambia maseneta kwamba mitambo ya kamera za kituo ilikuwa imechezewa. Maafisa kadhaa, akiwemo mkuu wa kituo, walishtakiwa kwa mauaji. Kamera zilichezewa, lakini ripoti ya daktari haikuchezewa.

Je, wajua OB ni nini hasa? Ni kitabu cha matukio cha kituo, ambamo kila jambo huandikwa kwa nambari, tarehe na saa. Ukipeleka taarifa, usiondoke bila nambari ya OB. Iandike kwenye simu, mtumie dada yako, iandike hata kiganjani. Afisa wa kaunta akikataa kuiandika, kukataa huko nako ni sababu ya kulalamika: andika jina lake, saa na kituo, kisha nenda kituo kingine au piga 1559.

Kama umepigwa, anza hospitali. Uhai kwanza, fomu baadaye. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo na daktari huijaza, lakini daktari ataijaza vizuri zaidi akiwa na rekodi za siku ile uliyotibiwa kuliko akiwa na kovu la miezi 3. Piga picha majeraha yakiwa bado mabichi. Hifadhi nguo zenye damu bila kuzifua, ndani ya mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Damu mbichi huoza kwenye nailoni.

Je, wajua IPOA haina uwezo wa kumshtaki mtu? Huchunguza, kisha hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na yeye ndiye huamua. Hapo faili nyingi hukawia, na sitakudanganya kwamba njia ni fupi. Hata hivyo baadhi hufika. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi huko Kinango, Kwale, polisi walipovamia nyumba usiku wakimtafuta mtu mwingine. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili miaka 7 kwa kuua bila kukusudia. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kufungwa kutokana na uchunguzi wa mamlaka hiyo.

Kisa kingine ni kizito zaidi, na kila anayewahimiza watu walalamike anapaswa kukisimulia bila kukipamba. Mwendeshaji bodaboda alipigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015, akalalamika IPOA, kisha akaanza kuandamwa kwa kesi za trafiki. Juni 23, 2016 alitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi. Wote watatu walitekwa, wakazuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau, na miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Wakiwa seli, wakili aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya choo na kukitupa nje, mpita njia akakiokota. Kipande hicho kilikuwa sehemu ya ushahidi. Kesi ilichukua miaka 6. Februari 2023 Jaji Jessie Lessit alimhukumu afisa mkuu katika njama hiyo adhabu ya kifo, ambayo Kenya haijaitekeleza tangu 1987, na washtakiwa wengine watatu wakapata miaka 30, 24 na 20.

Kwa hiyo ukiogopa, una sababu. Usilalamike peke yako wala kwa siri ya watu wawili. Nakala moja iende IPOA, nyingine kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, nyingine ibaki kwa mtu unayemwamini, na kituo cha haki cha mtaani kijue. Ukiwa shahidi unayetishiwa, ipo Wakala ya Kulinda Mashahidi, iliyowekwa kwa sheria ya 2006. Unaweza kuiomba ulinzi wewe mwenyewe, au kupitia kwa wanaoichunguza kesi.

Je, wajua polisi wana kitengo chao cha kujichunguza? Kinaitwa Kitengo cha Masuala ya Ndani, kiko chini ya Inspekta Jenerali, na kinafaa kwa makosa ya nidhamu: matusi, ulevi kazini, kukataa kuandika taarifa. Kwa risasi na vifo ningeanzia IPOA.

Je, wajua mtu akitoweka mikononi mwa polisi hungoji saa 24 kwisha ndipo uhangaike? Jamaa au wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele ya jaji, na haki hiyo ni miongoni mwa zile chache ambazo Katiba haikubali zipunguzwe kwa sababu yoyote. Agosti 2024 watu watatu walitoweka Kitengela. Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aliitwa mahakamani mara kadhaa asifike, na Septemba 13 Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu miezi 6 jela kwa kuidharau mahakama, huku akimpa siku 7 za kujirekebisha. Walinzi wa jaji wakaondolewa, Jaji Mkuu Martha Koome akapinga hadharani. Ndani ya siku hizo 7 watatu wale walipatikana wakiwa hai, kaimu mkuu akafika mahakamani akaomba radhi, na adhabu ikafutwa. Ukiniuliza ni nini kiliwafungulia mlango, nitakuonyesha kalenda.

Kalenda nyingine ni ya fidia. Ukitaka kuishtaki Serikali kwa madhara uliyotendewa na afisa wake, kwa kesi ya kawaida ya madai, una miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Ombi la kikatiba kuhusu haki zilizokiukwa halina ukomo mkali kama huo, ila ukichelewa bila sababu jaji atakuuliza ulikuwa wapi. Wengi hukaa wakingoja kesi ya jinai iishe kwanza, na miezi 12 inapita wakiwa kwenye benchi la mahakama nyingine.

Je, wajua kwamba polisi pia hulalamika IPOA? Sheria haibagui mlalamishi. Konstebo anayenyanyaswa na mkubwa wake, au anayepewa amri anayojua haifai, hupiga 1559 ileile unayoipiga wewe, na kama wewe, mara nyingi huomba jina lake lisitajwe.